Pyotr Tchaikovsky: Mtunzi Aliyejua Kuchagua Doh

Baada ya historia ya kwaya yetu na majina ya wenzetu waliotangulia, tumeona vyema kuweka hapa pia maisha ya mtunzi mmoja wa zamani. Jina lake ni Pyotr Tchaikovsky, mwana wa Urusi. Hata asiyelijua jina hilo huenda ameusikia muziki wake, hasa msimu wa Krismasi.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliimba kwaya tangu utotoni, na alipokuwa mtu mzima aliliandikia kanisa lake nyimbo za ibada. Pili, alikuwa na tabia ambayo kila mwalimu wa kwaya anaihitaji: kabla ya kumpa mtu noti, aliwaza kwanza mtu huyo ataifikiaje. Tabia hiyo inaonekana wazi katika jambo dogo ambalo wasikilizaji wengi hawalioni, nalo ni namna alivyochagua klarineti katika muziki wake wa baleti.

Utoto na shule

Tchaikovsky alizaliwa tarehe 7 Mei 1840 katika mji wa Votkinsk, mashariki mwa Moscow, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha chuma. Mwaka 1850, akiwa na miaka 10, alipelekwa shule ya bweni ya sheria jijini St Petersburg. Inasimuliwa kwamba siku mama yake alipoondoka kurudi nyumbani, mtoto alilikimbilia lile gari la farasi akijaribu kulishika lisiende. Miaka minne baadaye mama alifariki kwa kipindupindu. Jeraha hilo halikupona kabisa maisha yake yote.

Katika shule hiyo kulikuwa na kwaya iliyofundishwa na Gavriil Lomakin, mmoja wa walimu wa kwaya waliosifika nchini humo. Tchaikovsky aliimba humo. Kwa hiyo kabla hajaandika muziki wa okestra, alikuwa ameshasimama safuni pamoja na wenzake, akisikiliza jirani, akivuta pumzi mahali palipoagizwa.

Alihitimu mwaka 1859 akawa karani katika Wizara ya Sheria. Kazi ilikuwa ya heshima na mshahara ulikuwepo, lakini moyo haukuwa hapo. Mwaka 1862 chuo kipya cha muziki kilipofunguliwa St Petersburg na Anton Rubinstein, alijiandikisha, na mwaka uliofuata akaacha ukarani. Alisomea utunzi, akajifunza pia kinanda cha filimbi na fluti, akapiga fluti katika okestra ya wanafunzi. Hili la fluti tulishike, maana mtu aliyewahi kupuliza ala huijua pumzi ya mpulizaji.

Mwaka 1866 alihamia Moscow kufundisha muziki. Huko ndiko alikoandika baleti yake ya kwanza.

Klarineti tatu, vidole vilevile

Hapa tusimame kidogo, ili wasiopiga ala wasiachwe nyuma.

Klarineti ni bomba refu la mbao linalopulizwa kwa kinywa. Kwenye kidomo chake hufungwa kipande chembamba cha tete, nacho kikitetema ndipo sauti hutoka. Katika okestra za wakati wa Tchaikovsky kulikuwa na klarineti za namna tatu zilizotumika sana: ya C, ya B flati na ya A. Zinafanana sana kwa umbo, ila ya C ni fupi, ya B flati ni ndefu zaidi, na ya A imeizidi ya B flati kwa kiasi kidogo tu. Kadiri bomba linavyorefuka, ndivyo sauti inavyoshuka.

Mpulizaji hujifunza vidole mara moja tu. Akiiona C kwenye karatasi, huweka vidole mahali palepale kwa klarineti zote tatu. Lakini sauti inayotoka ni tofauti: ya C hutoa C, ya B flati hutoa B flati, na ya A hutoa A.

Kwetu sisi tunaosoma solfa jambo hili si geni. Karatasi moja ya solfa tunaweza kuiimba leo doh ikiwa G, na kesho mwalimu akaishusha hadi F. Maandishi hayabadiliki, d inabaki d na s inabaki s, bali wimbo wote umehama. Klarineti ni hivyohivyo. Ukibadilisha ala, umehamisha doh.

Sasa, kwa nini mtu ahangaike na ala mbili au tatu badala ya moja? Sababu kubwa ni vidole. Klarineti hupigwa kwa wepesi pale ambapo wimbo ulioandikwa una shapu chache au flati chache. Zikiwa nyingi, vidole vidogo hulazimika kuteleza kutoka kibonyezo kimoja hadi kingine, na wimbo wa haraka hukwama. Klarineti ya A humwondolea mpulizaji shapu tatu. Klarineti ya B flati humwondolea flati mbili. Ndiyo maana desturi ikawa: wimbo wenye shapu hupewa klarineti ya A, na wimbo wenye flati hupewa klarineti ya B flati.

Sababu ya pili ni rangi ya sauti. Ya C hung'aa na kuchangamka kuliko wenzake. Ya A, wapulizaji wengi husema, ina giza kidogo na upole. Tena inashuka nusu hatua chini ya ile ya B flati, na mara nyingine mtunzi anaitaka noti ileile ya chini kabisa.

Lakini kubadilisha kuna gharama. Mpulizaji anahitaji muda wa kuiweka chini ala moja na kuinua nyingine. Ala iliyokaa bila kupulizwa huwa imepoa, na ala baridi hutoa sauti iliyoshuka. Mtunzi asipomwachia kimya cha kutosha, mpulizaji ataingia akiwa amechelewa, au ataingia na sauti isiyopatana na wenzake, na lawama itakuwa yake mbele ya ukumbi mzima.

Baleti ya kwanza

Baleti ni hadithi inayosimuliwa kwa kucheza na muziki, bila maneno. Ndani ya jioni moja huwa na michezo mifupi mingi, kila mmoja na mwendo wake na doh yake. Anayeandika simfonia anaweza kukaa na ufunguo mmoja kwa muda mrefu. Anayeandika baleti huhama kila baada ya dakika chache, kwa hiyo swali la klarineti humjia tena na tena.

Kati ya 1875 na 1876 Tchaikovsky aliandika "Ziwa la Mabata Maji", hadithi ya binti wa kifalme aliyerogwa akawa ndege mweupe wa shingo ndefu. Humo aliwaagiza wapiga klarineti wake wawili kutumia namna zote tatu, ya C, ya B flati na ya A, kadiri michezo ilivyobadilika. Wimbo maarufu wa ndege huyo ni wa huzuni na hutulia kwenye lah, na lah hiyo ni B. Mwenye klarineti ya B flati angelazimika kuusoma na shapu nne. Mwenye klarineti ya A angeusoma na flati moja tu.

Baleti hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877, katika ukumbi wa Bolshoi, na haikupokelewa vizuri. Wengi waliuona muziki wake kuwa mgumu kwa baleti. Mwaka huohuo alioa, na ndoa ikavunjika kwa majuma machache, naye akaondoka Urusi akiwa amechoka mwili na roho. Aliyemsaidia kusimama tena ni mjane tajiri, Nadezhda von Meck, aliyempa ruble 6,000 kila mwaka ili aache kufundisha na aandike muziki. Waliandikiana barua kwa miaka 13 bila kukaa pamoja kuzungumza hata siku moja.

Nyimbo za ibada

Mwaka 1878, mara tu baada ya dhiki hiyo, Tchaikovsky alichukua maneno ya liturujia ya Mtakatifu Yohana Krisostomo, inayotumika katika kanisa la Kiorthodoksi, akayatungia muziki wa kwaya.

Katika kanisa hilo ala haziingii ibadani. Hakuna kinanda wala klarineti, ni sauti za watu peke yake. Na hapa mtunzi hukutana na ugumu ambao sisi tunaujua vizuri. Mpiga klarineti akiona wimbo umekaa vibaya, hubadilisha ala. Mwimbaji hana koo la pili la kubadilisha. Soprano akibanwa juu, atabanwa. Besi akizama chini asikosikika, amezama. Kinachoweza kuhama ni doh peke yake, na anayeihamisha ni mtunzi au mwalimu.

Liturujia hiyo ilileta kesi. Wakati huo muziki wa kanisa nchini Urusi ulikuwa chini ya mamlaka ya Kwaya ya Kifalme ya St Petersburg, na mkuu wake hakuwa ameuruhusu. Nakala zilizochapwa zilikamatwa. Mchapishaji, Pyotr Jurgenson, alikwenda mahakamani na akashinda. Muziki huo ulipoimbwa katika tamasha huko Moscow mwaka 1880, kiongozi mmoja wa kanisa alilalamika hadharani kwamba maneno matakatifu yamepelekwa mahali pa kupigiwa makofi. Tchaikovsky aliumia, lakini hakuacha. Baada ya hapo aliandika pia muziki wa mkesha, na ushindi ule wa mahakamani uliwafungulia mlango watunzi wengine wa nyimbo za kanisa waliokuja nyuma yake.

Baleti mbili za mwisho

Mwezi Januari 1890 baleti yake ya pili, "Mrembo Aliyelala", ilionyeshwa St Petersburg katika ukumbi wa Mariinsky. Aliyeipanga michezo ni Marius Petipa, mwalimu mkuu wa baleti wa kifalme. Petipa alimpa Tchaikovsky orodha ndefu inayosema kila mchezo uwe wa mwendo gani, wa hisia gani, na hata uwe na vipimo vingapi vya muziki. Mtunzi mwingine angeona amefungwa mikono. Tchaikovsky alifuata masharti ya urefu na mwendo, na akautumia uhuru uliobaki, yaani wimbo wenyewe, doh yake, na nani aupige.

Mwaka 1891 alianza baleti ya tatu, "Mvunja Njugu", hadithi ya mtoto wa kike na mwanasesere wake usiku wa kuamkia Krismasi. Haukuwa wakati wa furaha. Mama von Meck alikuwa ameshasitisha msaada na barua zake mwaka uliotangulia. Kisha, akiwa Paris njiani kwenda Marekani, Tchaikovsky alifungua gazeti akasoma kwamba dada yake mpendwa Alexandra amefariki. Alivuka bahari akiwa na msiba huo, na mwezi Mei akaongoza muziki New York katika sherehe za kufungua ukumbi ambao leo huitwa Carnegie Hall. Aliporudi nyumbani aliendelea kuwaandikia watoto muziki wa Krismasi.

Tuangalie michezo michache ya baleti hiyo, ambayo wengi wetu tunaweza kuisikiliza hata kwa simu.

Mchezo wa Kichina una doh ya B flati. Klarineti mbili zinapanda na kushuka haraka chini ya fluti. Aliwapa klarineti ya B flati. Kwa mpulizaji, karatasi ikawa haina shapu wala flati hata moja. Angewapa ya A, wangesoma flati tano kwa mwendo ule.

Mchezo wa Kirusi, ule wa kasi na vishindo, una doh ya G. Hapo klarineti ni ya A.

Wolzi ya Maua ina doh ya D. Fidla huipenda D, kwa kuwa nyuzi zake zilizo wazi ni G, D, A na E, nazo hulia vizuri zenyewe. Lakini kinachompendeza mpiga fidla kingemtesa mwenye klarineti ya B flati, maana angesoma shapu nne. Tchaikovsky aliandika klarineti ya A, na mpulizaji akasoma flati moja. Sikilizeni baada ya kinubi kupiga peke yake mwanzoni: honi nne zinaimba kwa pamoja kama kwaya ya wanaume, na klarineti inazijibu kwa kupanda na kuteremka kama maji. Hakuna aliyeumizwa ili mwenzake astarehe. Fidla zina D yao, klarineti ina wepesi wake, na msikilizaji anasikia wimbo mmoja.

Katika mchezo wa Malaika wa Peremende alitumia ala mpya aliyoikuta Paris, selesta, inayolia kama kengele ndogo. Alimwomba mchapishaji wake ainunue kimyakimya, watunzi wenzake wasije wakamtangulia kuitumia. Lakini sauti za juu kiasi hicho zinahitaji mtu wa kuzijibu kutoka chini. Aliyemchagua ni klarineti ya besi, ambayo hulia oktava moja chini ya ile ya B flati. Selesta inameremeta juu, klarineti ya besi inateremka taratibu chini, kama besi wetu wanapowajibu soprano.

Na kuna kipande kimoja ambacho hata mwanakwaya mgeni anaweza kukisoma. Pale malaika huyo anapocheza na mwenzi wake karibu na mwisho, wimbo mkuu ni ngazi nzima ya solfa ikishuka kutoka doh ya juu hadi doh ya chini: d, t, l, s, f, m, r, d. Ni zoezi tunalolifanya kila tunapopasha sauti, na kutoka humo alitoa wimbo unaowaliza watu hadi leo.

Mwisho wa safari

"Mvunja Njugu" ilionyeshwa Desemba 1892. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba 1893, Tchaikovsky aliongoza mwenyewe simfonia yake ya sita mjini St Petersburg. Humo aliandika klarineti za A tangu mwanzo hadi mwisho. Katika sehemu ya kwanza, klarineti moja inabaki karibu peke yake, inapunguza sauti hatua kwa hatua hadi mtu anajiuliza kama bado inalia, kisha besuni inapokea noti nne za mwisho. Alama ya upole katika uandishi wa muziki ni herufi p, na wengi hutosheka na moja, mbili au tatu. Pale besuni alimwandikia p sita. Aliwajua wapulizaji, akaamini kwamba wanaweza.

Siku tisa baada ya kuongoza simfonia hiyo, tarehe 6 Novemba 1893, alifariki akiwa na miaka 53. Madaktari waliandika kuwa ni kipindupindu, ugonjwa uleule uliomchukua mama yake. Alizikwa katika makaburi ya monasteri ya Alexander Nevsky jijini humo. "Ziwa la Mabata Maji" ililetwa upya jukwaani mwaka 1895, ikiwa imepangwa na Petipa na msaidizi wake Lev Ivanov, na safari hii ikapendwa. Mtunzi hakuwepo kuona.

Wapendwa, katika jubilii hii tunawapongeza wanaoimba, lakini tumkumbuke pia anayekaa usiku na karatasi akiuliza maswali yasiyosikika siku ya ibada. Je, alto watafika hapa bila kujikamua? Je, tenor wamepata mahali pa kuvuta pumzi? Je, doh ya G inawafaa akina mama lakini inawabana akina baba, na tukiishusha hadi F kila mmoja atapata nafasi yake? Msikilizaji aliyekaa kwenye benchi hatajua kwamba maswali hayo yaliulizwa. Atasikia tu kwamba wimbo umekaa vizuri.

Mpiga klarineti aliyekaa katikati ya okestra ya Mariinsky hakutangazwa jina kwa hadhira. Lakini alipofungua karatasi yake ya Wolzi ya Maua akakuta flati moja badala ya shapu nne, alijua kuwa kuna mtu aliyemfikiria kabla hajafika. Waalimu wa kwaya yetu, wa jana na wa leo, wametufanyia hivyo mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu.